Jamaa anataka laki tatu atuandikie andiko la ruzuku, na asilimia kumi hela ikiingia. Tumpe?

Katibu_Umalila

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni katibu wa kikundi huku Umalila, Mbeya vijijini, kijiji sikitaji maana mhusika anaweza kuwa humu humu. Tupo 19, kina mama 14 na wanaume watano, tulianza na kuweka hisa kila Jumamosi na kukopeshana, Desemba tunagawana, sasa huu mwaka wa nne na hatujawahi kupigana (kutukanana ndo imetokea).

Wote tunalima viazi na shida yetu kubwa ni mbegu. Huku mtu akivuna vile vikubwa vinajazwa kwenye lumbesa (gunia la kujazia kupita kipimo) vinaenda Dar, vile vidogo vilivyobaki chini ndo mbegu ya msimu ujao, na ujao, na ujao, mpaka mnyauko umezoea mashamba yetu kama nyumbani kwao, unapita saa sita mchana unakuta shamba la mtu limelala kama limemwagiwa maji ya moto. Mwaka juzi tukajichanga tukanunua magunia matatu ya mbegu safi tukapanda robo eka ya pamoja. Zilitoka vizuri sana mpaka watu wakawa wanakuja kuangalia. Tatizo likawa pa kuziweka, tukazitupia chumba cha nyuma kwa mweka hazina, chumba hakina dirisha, tulipokuja kufungua zimetoa machipukizi marefu meupe kama tambi, ukishika gunia tu yanakatika. Karibu nusu tukatupa. Mweka hazina mpaka leo anaona aibu na sio kosa lake.

Kwahiyo tunataka stoo ya mbegu. Fundi kapiga hesabu ya matofali na bati, kaleta milioni 14.

Sasa kaja jamaa na pikipiki, kavaa vizuri, anasema wafadhili wapo wengi sana wanatafuta vikundi vya kuvipa ruzuku, yaani hela isiyorudishwa, ila vikundi havijui kuandika maombi. Yeye anaandika. Anataka laki 3 sasa hivi, na hela ikiingia asilimia kumi ni yake. Milioni 14 kaikataa, kasema tuombe 60 kwa sababu wafadhili hawapendi vitu vidogo, alafu andiko liongelee mabadiliko ya tabianchi na tuweke mizinga ya nyuki 100. Mizinga hatuna na hakuna anayejua nyuki isipokuwa mzee wetu mmoja ambaye aling'atwa mwaka 1998 na huwa anatuhadithia.

Mwenyekiti anasema tumpe. Yeye alikuwa anadhani ruzuku ni ile ya mbolea, ile Rais aliyoizindua Nanenane 2022 pale viwanja vya John Mwakangale, akaona kama mbolea ilishuka kweli basi na hii itashuka. Mimi roho inasita. Naombeni mwongozo, natanguliza shukrani.

---

Sugu_wa_Soweto

Laki tatu hiyo ni mafuta ya pikipiki kwenda kijiji kinachofuata. Funga mlango, mkuu.

---

Mhasibu_Njombe

Katibu pole na hongera kwa kusita. Nimeshika vitabu vya miradi ya wafadhili miaka 11, Njombe na Iringa, ngoja nikueleze kwa urefu kidogo, chai iko mezani.

Kumlipa mtu akuandikie andiko sio dhambi, ni kazi kama kazi nyingine. Tatizo ni hiyo asilimia kumi. Ruzuku inakuja na bajeti yenye mistari, saruji mifuko kadhaa, mabati kadhaa, fundi kiasi hiki, na mkataba unasema kila mstari utumike kwa kilichoandikwa. Hakuna mstari wa bwana pikipiki. Sasa ukichukua milioni 60 na kumpa milioni 6, hizo 6 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye saruji, yaani unaenda dukani unaomba risiti ya mifuko 200 umenunua 120. Na anayesaini hundi ni nani? Ni wewe katibu na mwenyekiti na mweka hazina. Mkaguzi akija jamaa yuko Sumbawanga anaandikia wengine. Nimeona viongozi wa kikundi wamekalishwa polisi siku mbili kwa mchezo huu huu, na hela walikula watu ambao majina yao hayakuwepo kwenye karatasi hata moja.

Pili, 60. Mfadhili kitu cha kwanza anaangalia kikundi kimeshawahi kushika kiasi gani bila kugombana. Nyie hisa zenu kwa mwaka ni ngapi, milioni 3? 4? Mtu aliyezoea kushika 4 akiomba 60 inaonekana wazi ameambiwa na mtu. Akiomba 9 na akaonyesha daftari la miaka minne lenye mistari iliyonyooka, hapo mtu anakaa vizuri kwenye kiti.

Alafu hela yenyewe haiji kama mvua. Inakuja kwa awamu. Mnapewa awamu ya kwanza, mnajenga msingi, mnapeleka ripoti na picha na risiti za mashine, wakiridhika ndo awamu ya pili. Kila kitu kikubwa wanataka profoma (karatasi za bei kabla ya kununua) tatu za maduka tofauti na muhtasari wa kikao kilichochagua duka. Na karibu wote wanataka mchango wenu. Hata TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ilivyoanza 2000 ndo ilikuwa hivyo, kijiji kinaibua mradi, kinaunda kamati, kinaleta mawe na mchanga na nguvukazi. Mchango sio kuwakomoa, ni kipimo. Mtu aliyebeba mawe kichwani hawezi kuacha jengo liote majani.

Kuhusu wapi pa kuomba, tofautisheni vitu ambavyo watu wanavichanganya kila siku:

Ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, ni MKOPO. Hauna riba lakini unarudishwa. Ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu watu waliusikia kama zawadi na vikundi hewa vikajaa, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kwenu inaweza kufaa kununulia mbegu, ila na wanaume watano mliopo hapo ulizeni kwanza mnaingia fungu gani.

Ubalozi wa Japani una mpango wake wa miradi midogo ya jamii, kwa miaka mingi kiwango cha kawaida kilikuwa mpaka yen milioni 10, hiyo ndo utaikuta imejenga madarasa, zahanati, mabweni. Wanajenga na kununua vifaa, mishahara na gharama za kuendesha hawalipi. Na biashara ya faida ya watu 19 sio kitu chao.

Ule mfuko wa mazingira unaopitia UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) wa ruzuku ndogo, kwa muda mrefu dari yake ilikuwa dola 50,000. Huo unataka kweli kitu cha mazingira, ardhi, misitu, bioanuwai. Sasa ndo jamaa yako anataka kuwavisha nyuki. Usivae nguo ya mtu, wakija kutembelea wataomba kuona mizinga.

Na jueni pia kwamba kisima chenyewe kimepungua maji. Marekani walipofunga USAID, shirika lao la misaada, mwaka 2025 mashirika mengi yaliyokuwa yanapokea kule na kugawa huku vipande vipande yamebaki na ofisi zenye vumbi, mimi mwenyewe nimeandika haya nikiwa nyumbani sina ajira. Anayekwambia wafadhili wapo wengi wanatafuta vikundi, hajasoma gazeti.

---

Mama_Miche

Kamwene wote. Mimi niko Mufindi, nachangia kwa uzoefu wa kuumia.

Kikundi chetu cha kwanza kilipewa mashine ya kukoboa na kusaga. Zawadi kabisa, hatukutoa hata shilingi, walikuja na Fuso, wakashusha, wakapiga picha na sisi tumevaa vitenge vya kufanana, wakaondoka. Fundi umeme alipokuja kuangalia akacheka. Mota inataka umeme wa njia tatu na kijiji kizima kina njia moja. Hakuna aliyetuuliza na sisi hatukuuliza kwa sababu ukiuliza sana unaogopa watabadilisha mawazo si ndio. Miaka miwili ile mashine ilikaa chini ya turubai kwenye kibanda cha mwenyekiti, kuku wakawa wanatagia kwenye mdomo wa kumwagia mahindi, sitanii, nimeokota mayai mle ndani.

Haijaisha. Mwenyekiti akafariki, Mungu amlaze mahali pema. Watoto wake wakaja kutoka Dar kwenye arobaini wakasema kiwanja cha baba, kibanda cha baba, na mashine iliyomo ni ya baba. Sisi tuna nini cha kuonyesha? Picha za vitenge.

Kwahiyo katibu kabla ya andiko ulizeni STOO ITASIMAMA KWENYE ARDHI YA NANI. Msijenge kwa mwenyekiti hata kama ni malaika. Ombeni halmashauri ya kijiji iwatengee eneo, lipite mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe na ugongwe muhuri, mkiweza mpate na hati ya kimila kwa jina la kikundi. Wafadhili wenye akili hiyo ndo karatasi ya kwanza wanaomba, na wasipoomba muwe nayo kwa ajili yenu.

Nisiseme mabaya tu. Baadae niliingia kikundi cha wapanda miti wakati wa ule mradi wa Panda Miti Kibiashara wa serikali yetu na Finland ulioanza 2014. Pale ilikuwa tofauti, mashamba yetu, majembe yetu, kuchimba mashimo sisi, kupalilia sisi, barabara za kuzuia moto sisi. Wao walileta utaalam na msaada wa kuanzia. Mwanzoni nilinung'unika kweli, nikasema mbona wenzetu wanapewa mashine nzima. Saiv nina misindano yangu nikikaa kibarazani naiona. Ya bure inasimama chini ya turubai, ya jasho inasimama mlimani, ndo nilivyojifunza mimi.

---

Kijana_Uyole

Mnamkatisha tamaa bana. Mhasibu unaongea kama mtu wa mjini, kijijini mtu hana imeili, fomu nyingi ni za Kiingereza kurasa 20, wanauliza vitu kama "matokeo tarajiwa ya kati" mtu aliyeishia la saba atajibu nini? Huyo wa pikipiki angalau anafika. Wataalamu wetu tunawaona kwenye mwenge tu. Mimi nasema mtu wa kuandika anahitajika, na akilipwa asilimia angalau atafanya kazi kwa bidii kwa sababu na yeye anasubiri.

---

Mhasibu_Njombe

Kijana una hoja na nakubali nusu. Fomu za Kiingereza ni ukuta kweli, na huo ukuta ndo umezalisha hawa wa pikipiki. Lakini angalia, anayesubiri asilimia anasukuma bajeti iwe kubwa, haimhusu kama nyie mnaweza kuibeba. Ndo imetoka 14 mpaka 60 kwa kikao kimoja. Mtafuteni afisa maendeleo ya jamii wa kata, ndo kazi yake, hata kama mpaka mumfuate mara tatu. Au mwalimu wa sekondari ya kata anayejua Kiingereza, andikeni nyie kwa Kiswahili kila kitu, yeye atafsiri, mumlipe elfu 50 au debe la viazi, mmemaliza. Andiko likitoka vinywani mwenu mkipigiwa simu na mfadhili mtajibu. Wanapiga simu. Wanaongea na mwanachama wa kawaida, sio na mwenyekiti.

Na hayo "matokeo tarajiwa" yasiwatishe. Katibu kashayajibu hapo juu bila kujua. Mbegu nusu ilitupwa kwa kukosa stoo, ukiwa na stoo haitupwi, watu 19 wanapanda safi badala ya masalia. Basi. Ile ya tambi nyeupe iandikeni hivyo hivyo.

---

Bwana_Viazi

Nimechelewa lakini mada yangu. Nimefanya kazi za viazi miaka mingi maeneo ya Uyole na Umalila nimemaliza viatu.

Milioni 14 ya nini? Fundi amewachorea nyumba ya kuishi mtu. Stoo ya mbegu ya viazi haitaki kuta za tofali, kuta ndo adui. Mbegu inataka hewa na mwanga usio wa jua la moja kwa moja, ukiiweka hivyo inatoa chipukizi fupi, nene, la kijani, limekaa kama kifungo cha koti, hata ukilirusha halikatiki. Ile mliyoweka gizani ndo imetafuta mwanga mpaka ikawa tambi. Kwahiyo mnahitaji nguzo za miti (milingoti huko kwenu iko tele), paa la nyasi au bati lenye makenzi marefu ili mvua isipige ndani, ukuta wa wavu au fito zilizoachana, na ndani rafu za fito, tabaka juu ya tabaka, viazi viwili vitatu kwenda juu sio kumimina lundo. Pembeni wavu mzuri kuzuia vidukari na nondo. Na panya. Panya msiwasahau, wekeni kikombe cha bati kwenye kila nguzo.

Ya kuanzia ya magunia 30 haifiki hata robo ya hesabu ya fundi wenu kama miti na kazi ni yenu. Anzeni hiyo kwa hela ya hisa. Msimu mmoja tu. Alafu mkienda kwa mfadhili hamwombi stoo, mnamwonyesha stoo, mnaomba kuipanua na kupata mbegu mama na mafunzo, hapo hata mimi ningewapa hela kama ningekuwa nayo.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema: mwaka wa pili nani analipa? Mlinzi, kubadilisha wavu, mbegu mpya maana hata hizo safi zinachakaa mkizirudia. Wekeni tozo tangu siku ya kwanza, kila gunia linaloingia stoo linalipa kitu fulani, la mwanachama kidogo, la asiye mwanachama zaidi. Nendeni Ludewa muone ule umeme wa maji wa Mawengi, ulijengwa na hela za Umoja wa Ulaya kupitia shirika la Waitaliano, lakini ukawekewa chombo cha watumiaji wenyewe, LUMAMA, maana yake Lupande, Madunda, Mawengi, na watu wanalipia umeme wao. Mfadhili alijenga, ankara ndo inaendesha. Miradi mingi ya maji ya zamani ilikufa kwa kukosa hicho hicho, bomba likipasuka kila mtu anamwangalia mwenzake.

Na mkitaka kuuza mbegu kwa watu wa nje lazima TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, waje wakague shamba, kuna daraja la mbegu za kuazimiwa ubora ambalo wakulima wadogo kama nyie wanaruhusiwa kuzalisha. Bila hapo uza viazi vya kula usiviite mbegu. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, hawako mbali, nendeni watu watatu, msiende kumi na tisa.

---

Sugu_wa_Soweto

Bwana Viazi umeua. Mimi nilikuja kucheka nimeondoka na ramani ya stoo.

---

Katibu_Umalila

Wakuu narudisha majibu, samahani huku mtandao mpaka upande kilimani.

Jumamosi tulikaa. Walikuja 17, mvua. Nikawasomea yote mliyoandika kutoka kwenye simu, ya Mama Miche nilirudia mara mbili, kwenye mayai kina mama walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Jamaa naye tulimwita aje ajieleze, akaja. Nikamwomba atuonyeshe andiko moja alilowahi kuandika likapata hela, akafungua simu akatuonyesha, kweli lina picha nzuri, mimi nikaomba nilishike nisome. Kurasa mbili za mwanzo Umalila, Umalila, viazi, viazi. Ukurasa wa tatu limeandikwa "kikundi chetu kinachojishughulisha na migomba katika milima ya Rungwe". Nikampa mweka hazina asome kwa sauti. Jamaa akasema ni makosa ya uchapaji.

Tukapiga kura, 11 hatumpi, watano tumpe, mmoja alikuwa amesinzia. Mwenyekiti amenuna kidogo ila amesaini muhtasari.

Tumetoa milioni moja na laki moja kwenye hisa, kila mwanachama analeta miti mitatu na siku nne za kazi. Eneo mwenyekiti wa kijiji amekubali nyuma ya zahanati, tunasubiri mkutano mkuu wa kijiji mwezi ujao na nimeshamwambia mtendaji nataka muhtasari wenye muhuri, kanishangaa. Tozo tumebishana saa nzima, tumeangukia elfu 2 kwa gunia la mwanachama na elfu 5 kwa wa nje. Afisa maendeleo ya jamii nimemfuata mara moja, hakuwepo, bado mara mbili.

Mzee wa nyuki ameahidi kuleta mizinga miwili yake mwenyewe pembeni ya stoo, anasema mmeidharau sana fani yake.

---

Binti_Isyesye

Hongereni jamani. Mbegu mtaanza kuuza lini nije na kirikuu, nataka gunia mbili.

---

Katibu_Umalila

TOSCI wakishapita dada. Na ni gunia la kilo mia, sio lumbesa, usije na matumaini.